Je, Wajua? Ua la Shaba la Kambove na Silabi Zake Tisa

Kambove, mbele ya Likasi ukitoka Lubumbashi, pori lake ni la miombo. Lakini kuna vilima ambako miti inakoma ghafla, yakabaki majani na maua tu. Chini yake mna shaba. Udongo wa vilima hivyo huweza kuwa na miligramu 10,000 za shaba kwa kilo, na mizizi ya miti mingi haiwezi kuistahimili.

Huko huota ua dogo la zambarau, la jamaa ya mrihani: Haumaniastrum katangense. Jina hili linatisha mpaka ulikate. Hau-ma-ni-as-trum: ndani yake yumo Lucien Hauman, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji. Jina Haumania lilishapewa mmea mwingine mwaka 1949. Duvigneaud na Plancke walipounda jenasi hii mwaka 1959, mwishoni waliweka -astrum, kiambishi cha Kilatini cha kitu kinachofanana na kingine. Kisha ka-tan-gen-se, mkazo ukiwa kwenye gen: shina ni Katanga, eneo ilimo Kambove, na -ense ni "wa mahali hapo". Kama nomino ingekuwa ya jinsi nyingine, tungepata katangensis. Sisi tuliozoea upatanisho wa ngeli hatuna sababu ya kushangaa.

Kinachonisikitisha ni kwamba katika silabi zote tisa hakuna hata moja inayotaja shaba. Jirani yake wa jamaa ya kunde, Crotalaria cobalticola, alitendewa haki: cobalti- ni kobalti, -cola ni mkaaji.

Na shaba ndiyo ngao ya ua hili. Lilipopandwa kwenye udongo wa kawaida lilishambuliwa na kuvu; inaelekea shaba huwazuia maadui hao. Ndiyo maana huota hata pale wazee wetu walipoyeyushia shaba, kabla Wabelgiji hawajafika, wakitengeneza misalaba iliyotumika kama fedha. Waakiolojia wamelifuata ua hili wakachimba, wakakuta mabaki ya tanuri.

Aina zaidi ya 30 za mimea ya Katanga hazijulikani kuota popote ila kwenye udongo wa shaba, na vilima vyake vinazidi kuchimbwa. Wenye migodi na serikali wakusanye mbegu kabla ya kulipua baruti, na baadhi ya vilima viachwe bila kuguswa.