Kabla ya Kufunga Tabo: Maandalizi ya Injini Kuukuu ya Land Cruiser

Utangulizi

Makala haya yanaazimia kueleza mambo ambayo hayana budi kufanyiwa injini kuukuu ya dizeli kabla haijaongezewa tabo, yaani kile kifaa kinachoisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Huenda msomaji akashangaa kukutana na mada ya namna hii katika jarida lililozoea ngano, ushairi na isimu. Sababu ni hii. Mwaka 2019 mjomba wangu, ambaye husafirisha bidhaa kati ya Isiolo na Marsabit, aliniletea kijitabu cha Kiingereza kilichokuja ndani ya sanduku la vifaa vya tabo, akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiwe uliyesomea lugha. Nisomee haya." Wakati huo tabo ilikuwa imekwisha kufungwa kwa miezi saba, na gari lilikuwa limevutwa kutoka karibu na Laisamis likiwa na hedi iliyopasuka. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu kile ulihusu maandalizi. Hakuna aliyekuwa ameusoma, nami sikuwa nimeulizwa.

Neno moja kuhusu istilahi. Nimetumia maneno ya gereji: tabo, hedi, gasketi, nozeli, sampu. Ningeweza kukaa maktabani nikaunda mengine ya kupendeza, lakini fundi wa Nanyuki asingejua ninazungumzia nini, na makala haya yangekosa mtu wa kuyatumia. (Mafundi wenyewe wana utani wao: mteja akisema anataka tabo, humwuliza kama anataka tabo au tabu.) Neno "mafuta" nimelitumia kwa dizeli pekee, ya kulainisha injini nimeyaita oili.

Injini yenyewe

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Land Cruiser aina ya pikapu, la mwaka 1994, lenye injini iitwayo 1HZ. Wasafiri wa kaskazini mwa Kenya wanaifahamu hata kama hawajui jina lake, kwani ndiyo iliyobeba abiria, mbuzi, magunia ya mchele na wagonjwa katika njia hizo tangu miaka ya tisini. Ina silinda sita, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100, hivyo ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 4,164. Huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe tu. Haina haraka, nayo ikitunzwa hudumu kwa miaka mingi mno.

Toyota ilipotaka injini ya ujazo huohuo yenye tabo, haikuchukua 1HZ na kuifungia kifaa hicho. Iliunda nyingine, 1HD-T, iliyotoka mwaka 1990, yenye pistoni na hedi tofauti. Tofauti mbili ni za kuzingatiwa sana. Kwanza, 1HZ hubana hewa mara 22.4 ilhali 1HD-T huibana mara 18.6 pekee. Pili, katika 1HD-T mafuta hunyunyiziwa moja kwa moja juu ya pistoni. Katika 1HZ hunyunyiziwa ndani ya kijumba kidogo kilichomo hedini, moto ukaanzia humo, kisha ukatoka kwa kasi kupitia koo jembamba. Kijumba hicho na sehemu za hedi zilizo baina ya valvu ndipo joto linapolundikana, na ndipo nyufa huanzia. Kwa hiyo mwenye 1HZ anayetaka tabo anaiomba injini ifanye jambo ambalo haikukusudiwa kulifanya. Inawezekana, na wengi wamefanya hivyo kwa miaka mingi bila madhara, ila kwa kiasi na kwa masharti.

Hewa, mafuta na joto

Kwa nini basi mtu aitake? Jibu la mjomba lilikuwa fupi: mlima. Isiolo iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka hapo kuelekea Timau hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 katika masafa mafupi. Gari likiwa limebeba mzigo hupanda kwa gia ya pili, moshi mweusi nyuma, malori yakipiga honi.

Moshi huo una maelezo yake. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyopungua. Hewa ya Nairobi, penye takriban mita 1,700, ina shinikizo lipatalo asilimia 82 ya lile la Mombasa. Timboroa, penye zaidi ya mita 2,700, ni chini ya robo tatu. Pampu isiyo na kifaa cha kurekebisha mafuta kulingana na mwinuko humimina kiasi kilekile cha mafuta kilichopimiwa hewa ya pwani. Mafuta yanayokosa hewa hayaungui yote, hivyo hugeuka masizi. Tabo hurudisha hewa iliyokosekana. Moshi wa ekzosi huzungusha gurudumu dogo, nalo kwa mhimili mmoja huzungusha jingine upande wa pili linaloshindilia hewa injinini. Magurudumu hayo yaweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, nami namwomba msomaji asipapite haraka. Katika injini ya petroli, mafuta yakipungua kuliko hewa huweza kuleta joto la hatari. Katika dizeli hali ni kinyume: mafuta yakizidi hewa ndipo joto hupanda. Maana yake ni kwamba tabo ikifungwa na pampu isiguswe, moshi hupungua na joto la ekzosi huelekea kushuka. Gari linapata nguvu kiasi, hasa milimani. Lakini mteja aliyelipa fedha nyingi hataki "kiasi". Hivyo fundi hushika bisibisi, akaikaza skrubu ya mafuta ya pampu robo mzunguko, kisha robo nyingine, na gari linaruka kama swara. Mteja hufurahi, wala haoni kwamba nguvu aliyoipata imetokana na mafuta, na kwamba mafuta hayo yameleta moto ambao hakuna kifaa cha kuupima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa gari la mjomba. Gereji iliyofanya kazi hiyo, ambayo sitaitaja, iliimaliza kwa siku moja. Haikuipima injini wala kufunga kipimajoto cha ekzosi. Mjomba alisifu kazi hiyo kwa kila aliyempigia simu. Injini ilipofunguliwa baadaye, hedi ilikuwa na nyufa na pistoni ya sita ilikuwa imeanza kupasuka ukingoni. Mkopo uliochukuliwa katika chama cha akiba na mikopo kwa ajili ya tabo ulikuwa haujalipwa nusu, na ada ya muhula ya binamu zangu wawili ilikwenda kwenye hedi mpya.

Uchunguzi kabla ya kununua chochote

Fundi wa pili, mzee wa Nanyuki asiyependa maneno mengi, alisema jambo ambalo nililiandika papo hapo: "Tabo haiponyi injini, mzee. Inaiuliza maswali tu." Alieleza kwamba angepata gari lile mapema, angelipima kabla hata mjomba hajatoa shilingi moja ya kununulia vifaa.

Kipimo cha kwanza ni mbano wa silinda. Injini hupashwa moto, hita plagi zote sita hutolewa, waya wa kikata-mafuta kwenye pampu huchomolewa ili injini isiwake, kisha kipimo hufungwa kwenye kila tundu kwa zamu na injini huzungushwa kwa stata. Betri iwe imejaa, la sivyo namba zitadanganya. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda. Sita zilizochoka kwa usawa humwambia mwenye gari kwamba injini imezeeka. Moja iliyoachwa nyuma na wenzake humwambia kwamba kuna ringi, valvu au gasketi yenye kasoro. Injini ya aina hii ya pili isifungiwe tabo kabla ya kufunguliwa.

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa. Injini ikiwa inanguruma polepole, kifuniko cha kumiminia oili hufunguliwa. Mvuke mwepesi ni wa kawaida. Moshi unaotoka kwa mapigo, wenye kukisukuma kifuniko, ni hewa ya mwako inayopenya kando ya ringi na kuingia kwenye sampu. Tabo itazidisha upenyo huo, na oili itaanza kutafuta njia ya kutokea.

Kisha rejeta. Mapovu yanayopanda humo mfululizo baada ya hewa ya kawaida kutoka ni dalili ya gasketi au hedi inayovujisha mwako. Rejeta yenyewe ifunguliwe na kusafishwa. Ya miaka ishirini na mitano iliyotiliwa maji ya visima vyenye chumvi huwa imeziba nusu ya mirija yake bila kuonyesha dalili barabarani, mpaka siku joto linapoongezeka. Thamostati, pampu ya maji na feni vikaguliwe papo hapo.

Nozeli zipelekwe kupimwa. Nozeli inayotona badala ya kunyunyiza huunguza kijumba cha hedi hata bila tabo. Mkanda wa taimingi, ambao katika 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, ubadilishwe kama historia yake haijulikani. Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingizia hewa, 0.35 hadi 0.45 kwa za kutolea moshi. Hapa wengi huona uvivu, kwa kuwa marekebisho ni ya visahani vya chuma vya unene mbalimbali, si ya skrubu.

Iwapo hedi imetolewa, gasketi mpya isinunuliwe kwa kukisia. Hutengenezwa kwa unene tofautitofauti, na inayofaa hujulikana kwa kupima jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Wapo wanaotafuta nene zaidi makusudi ili kupunguza mbano. Mzee wa Nanyuki hakuliafiki wazo hilo. Alisema anayetaka mbano mdogo anunue pistoni zilizoundwa kwa ajili hiyo, asiyeziweza apunguze pupa.

Oili, vumbi na kipimajoto

Tabo huishi kwa oili. Mhimili wake huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo huletwa kwa mrija kutoka kwenye bloku yenye shinikizo. Mrija wa kurudisha ndio unaokosewa mara nyingi. Oili hurudi kwa uzito wake tu, kwa hiyo mrija uwe mpana, uteremke moja kwa moja bila kupinda, na uingie kwenye sampu juu ya kina cha oili. Ili kuuunganisha, sampu hutobolewa. Itolewe kwanza! Katika kazi ya siku moja niliyoitaja, ilitobolewa ikiwa imefungwa, na chembe za chuma zilikutwa zimejikita kwenye beringi.

Kuhusu vumbi nitasema machache kwa sababu kila dereva wa kaskazini analijua. Mpira wowote wenye ufa baina ya kisafisha hewa na tabo huingiza mchanga unaokwangua magurudumu yale, kisha silinda. Ekzosi nayo ipanuliwe. Bomba la inchi tatu hutumika sana. Klachi iliyochoka itateleza wiki ya kwanza, hivyo itengewe fedha mapema.

Vipimo viwili vinastahili kufungwa mbele ya dereva: cha shinikizo la tabo na cha joto la ekzosi. Mshale wa joto la maji wa kiwandani huchelewa kusema ukweli. Kipimajoto cha ekzosi huchomekwa kwenye manifoldi, kabla ya tabo, kwa kuwa moshi ukishapita hapo huwa umepoa. Mafundi wengi wa 1HZ huweka mpaka wa nyuzi 700 za selsiasi hivi kwa mpando wa muda mrefu, na shinikizo la nusu baa, yaani takriban pauni 7 kwa inchi ya mraba. Skrubu ya mafuta ikaguswe baada ya vipimo hivyo kuwapo, kidogo kidogo, gari likiwa na mzigo wake halisi.

Kuwasha mara ya kwanza

Oili mpya ya dizeli yenye tabo ikishatiwa, kikata-mafuta huchomolewa tena na injini huzungushwa kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka taa ya oili izimike. Ndipo huwashwa, ikaachwa ingurume bila kukanyagwa huku mirija yote ikikaguliwa. Baada ya mpando mrefu isizimwe ghafla. Ipewe dakika mbili au tatu ipoe, maana oili iliyokwama ndani ya tabo yenye moto hugeuka makaa.

Gari la mjomba lilirudi barabarani mwaka 2020. Tulilijaribu pamoja katika mpando wa Isiolo kuelekea Timau likiwa na magunia ya saruji, mimi nikiwa nimepewa kazi ya kusoma kipimajoto kwa sauti. Mia sita na ishirini. Mia sita na sitini. Ilipofika mia sita na tisini mjomba alishusha gia bila kuambiwa, mshale ukarudi. Malori mawili yalitupita. Nilimtazama nione kama ameudhika. "Soma tu," akasema.