Mtoto Anapoanza PP1: Asaidiwe Kuzoea Choo cha Shule

Kila Januari, watoto wa miaka minne hujiunga na PP1 katika shule za chekechea, ambazo Katiba ya 2010 iliziweka chini ya serikali za kaunti. Wengi wao hujisaidia vizuri nyumbani. Shuleni mambo hubadilika: choo ni cha shimo, tundu ni pana, ndani kuna giza, na mlangoni kuna foleni ya watoto asiowajua.

Mtoto anayeogopa choo hicho hujizuia mpaka arudi nyumbani. Wengine hukataa hata kunywa maji. Matokeo yake ni choo kigumu chenye maumivu, na mtoto aliyeumia huzidi kujizuia. Baadaye choo laini huanza kupenya na kuchafua nguo bila yeye kuhisi. Huo si uvivu wala utundu, na kiboko hakiwezi kuutibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku kumchapa au kumdhalilisha mwanafunzi.

Wazazi na walezi wanahimizwa kuanza maandalizi mapema:

• Mpeleke mtoto akione choo cha shule kabla ya siku ya kwanza. Mwonyeshe pa kukanyaga na pa kunawia mikono.

• Mvishe kaptura au sketi yenye mpira kiunoni. Mshipi na vifungo vigumu humchelewesha.

• Mfundishe kuomba ruhusa kwa maneno ambayo mwalimu ataelewa. Neno la nyumbani huenda lisijulikane darasani.

• Mzoeshe kwenda chooni asubuhi baada ya kunywa chai, kwa kuwa tumbo husukuma choo zaidi baada ya mlo. Usimharakishe.

• Mfundishe kujipangusa, msichana kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kunawa kwa maji na sabuni.

• Weka nguo safi za kubadilisha kwenye mkoba wake, ndani ya mfuko wa kitambaa.

Walimu nao wanaombwa kuwapeleka watoto chooni kwa vikundi wanapofika na wakati wa mapumziko, na kutomnyima ruhusa mtoto anayeomba kutoka. Akijichafua, abadilishwe nguo faraghani bila kuchekwa. Mtoto mwenye ulemavu huenda akahitaji muda zaidi au msaidizi, kwa hivyo mzazi na mwalimu wakubaliane tangu mwanzo.

Kujikojolea mara moja moja katika wiki za kwanza ni jambo la kawaida. Lakini mtoto apelekwe zahanati ikiwa anaumia anapokojoa, ana damu kwenye mkojo au choo, hukaa siku kadhaa bila kupata choo, au ameanza tena kujikojolea baada ya kuacha kwa muda mrefu, hasa akiwa na kiu isiyoisha.

Hakuna haja ya kumzuia mtoto nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya choo. Mzazi azungumze na mwalimu wiki ya kwanza, kabla ya mtoto kuanza kuichukia shule.