Darasa la Kumi, Mwaka Usio na Mtihani wa Taifa

Mzazi aliyesoma Tabora, Kakamega au Bukavu akihamia Marekani huja na hesabu yake ya shule kichwani. Mtoto asome, azembee kidogo, ajirekebishe, kisha mwishoni uje mtihani mmoja mkubwa wa kuamua kila kitu: kidato cha nne na cha sita kwa Mtanzania, KCSE kwa Mkenya, Examen d'État kwa Mkongo. Kwa hesabu hiyo, kijana aliyecheza miaka mitatu akakesha miezi sita bado ana matumaini, na sote tunawajua waliofaulu hivyo.

Marekani mlango huo haupo. Sekondari yao ni ya miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na hakuna mtihani wa taifa wa kuihitimisha. Mitihani ya SAT na ACT ipo, lakini vyuo vingi havilazimishi tena, na Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi kubwa kama Berkeley na Los Angeles, hakiangalii alama zake kabisa katika kumpokea mwanafunzi. Kinachosomwa kwanza ni transkripti, yaani orodha ya kila somo alilolisoma mtoto, muhula kwa muhula, na alama aliyoipata. Jaribio la Oktoba ambalo kijana alilipuuza kwa sababu "si mtihani wa kweli" limo ndani ya alama hizo.

Katika miaka hiyo minne, darasa la kumi ndilo linalopita kimyakimya. La tisa lina vikao vya kuwakaribisha wageni, la 11 lina SAT, la 12 lina maombi ya vyuo na machozi. La kumi halina kelele, na wazazi hulala. Lakini Chuo Kikuu cha California, kinapokokotoa wastani wa alama za mwombaji, huchukua masomo ya darasa la 10 na la 11 tu. Ya darasa la 9 lazima awe ameyafaulu, ila hayaingii katika wastani. Ya darasa la 12 yanakuwa bado hayajakamilika, kwa kuwa maombi hufungwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo ule mwaka usiozungumzwa hubeba karibu nusu ya wastani wote.

Wastani wenyewe, GPA, si mgumu. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri; unajumlisha na kugawanya kwa idadi ya masomo. Mwenye A mbili, B tatu na C moja ana 19 kwa masomo sita, yaani 3.17. Chunga D. Shuleni aliyeipata mara nyingi huhesabika kuwa amefaulu na krediti hupewa, lakini kwa vyuo vikuu vya umma vya California somo lenye D ni kama halikusomwa. Mtoto atakuambia, "Mama, nimefaulu," na hatakuwa amesema uongo.

Hapo ndipo penye jambo ambalo laiti lingebandikwa kwenye mlango wa kila shule: kuhitimu sekondari na kustahili chuo kikuu ni mambo mawili. Nabaki California kwa sababu sheria zake ziko wazi. Kwa sheria ya jimbo, mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa na miaka mitatu ya Kiingereza na miwili ya hisabati, hata bila lugha ya kigeni endapo amechukua sanaa au somo la ufundi badala yake (wilaya nyingi huongeza masharti yao juu ya hayo). Vyuo vikuu vya umma vinataka orodha iitwayo A hadi G: historia miaka 2, Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 2, lugha isiyo Kiingereza 2, sanaa 1, na somo moja la hiari la kitaaluma. Jumla 15. Kijana anaweza kuvaa joho, akapigiwa makofi na ukoo mzima, na Jumatatu yake akagundua kwamba hakuwa na sifa hata ya kuomba. Majimbo mengine yana orodha zao. Texas, kwa mfano, inadai krediti 22 za msingi, na 26 kwa anayechukua mkazo katika fani fulani. Tafuta ya jimbo lako, uiweke kando ya transkripti ya mwanao.

Katika orodha hizo zote, hisabati ndiyo isiyosamehe, maana ni ngazi: Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, kisha somo la kujiandaa na kalkulasi, kisha kalkulasi yenyewe. Huwezi kuruka kipandio. Aliyeanza Aljebra ya Kwanza darasa la 9 atakuwa Jiometri darasa la 10, na asipofanya lolote atamaliza shule bila kugusa kalkulasi. Si msiba kwa anayetaka uuguzi au ualimu wa historia. Kwa anayeota uhandisi ni pengo, na darasa la kumi ni mahali pazuri pa kuliziba: kuna shule zinazoruhusu Jiometri na Aljebra ya Pili zisomwe mwaka mmoja, na nyingine hukubali somo moja la kiangazi. Aliyeanza Aljebra ya Kwanza darasa la 10, kama watoto wengi waliofika na umri mkubwa, hana mwaka wa kupoteza hata mmoja: Jiometri la 11, Aljebra ya Pili la 12. Akifeli mara moja tu, ile miaka mitatu ya hisabati haitimii kwa wakati.

Kijana wa Kikongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, akafika Ohio na miaka 16, ana mzigo wa ziada. Kambini alisoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo. Sasa anawekewa madarasa ya Kiingereza cha wageni, na ratiba inajaa kabla sayansi haijapata nafasi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na wanafunzi wenye asili ya China wa San Francisco, kwamba kumpa mtoto asiyeelewa Kiingereza vitabu vilevile na mwalimu yuleyule si usawa. Shule inawajibika kumsaidia. Msaada huo, hata hivyo, usigeuke boma la kumfungia. Katika ile miaka minne ya Kiingereza, vyuo vikuu vya California vinakubali mmoja tu uwe wa Kiingereza cha wageni. Uliza mapema ni lini mwanao atahamishiwa Kiingereza cha kawaida.

Mtoto huyohuyo ana mali ambayo mara nyingi haihesabiwi. Peleka shuleni karatasi zake za matokeo ya nyumbani, hata kama ni za Kifaransa na zimechakaa, uombe zipitiwe. Shule inaweza kumpa krediti kwa masomo aliyoyamaliza. Sharti la lugha huenda limekwisha timia. Chuo Kikuu cha California kinamhesabu aliyesoma kwa miaka miwili, kuanzia ngazi ya darasa la sita, katika shule inayofundisha kwa lugha isiyo Kiingereza na akapata alama za kuridhisha. Mtanzania aliyemaliza la sita na la saba katika shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili. Mkongo amesoma kwa Kifaransa, na akiamua kufanya mtihani wa AP wa lugha hiyo, kile kinachowatoa wenzake jasho kwake ni mazungumzo.

AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari. Mtihani wake hufanywa Mei, hutunukiwa 1 hadi 5, na vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 3 au 4. Wazazi wetu wakishalisikia neno hilo hutaka matano kwa mpigo. Sikubaliani nao. Mtoto mwenye miaka miwili ya Kiingereza akisukumwa kwenye AP ya historia ya Marekani, atakesha na kamusi na kuambulia C, na vyuo vitaiona C hiyo. Moja aliyoichagua kwa nguvu yake yatosha mwaka huu. Kuhusu PSAT, mtihani wa kujiandaa na SAT, ukitolewa shuleni kwake afanye kama mazoezi. Wa kushindania tuzo ya National Merit ni ule wa Oktoba ya darasa la 11.

Halafu pesa. Wengi hudhani suala la ada linaanza mtoto akishapokelewa. Fomu ya serikali kuu ya msaada wa masomo, FAFSA, hutazama kodi ya miaka miwili nyuma. Anayeanza chuo mwaka 2028 atapimwa kwa mapato ya 2026, yaani tangu Januari akiwa katikati ya darasa la kumi. Jaza kodi kila mwaka hata kama kipato ni kidogo, na usitupe karatasi za W-2, zile za mshahara anazotoa mwajiri. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Raia na mwenye ukaazi wa kudumu wanaweza kuiomba; mwenye hadhi nyingine aulize ofisi ya misaada ya chuo, si jirani. Uliza pia kama shuleni kuna Upward Bound, mpango wa serikali kuu ulioanza miaka ya 1960 kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo au ambazo wazazi hawana shahada. Nafasi zake hujaa mapema, na wa darasa la 12 huwa amechelewa.

Wa kuulizwa haya yote ni mshauri wa shule. Chama cha washauri hao kinapendekeza kila mmoja awe na wanafunzi 250. Wastani wa nchi bado ni zaidi ya 350, kwa hiyo usingoje akutafute. Omba mkalimani. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ndiyo msingi wa wajibu wa shule kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Na mkalimani asiwe mwanao mwenyewe, kwa sababu kijana wa miaka kumi na mitano hutafsiri kwa ufasaha mkubwa yale yanayomfaa tu.

Fomu ya kuchagua masomo ya mwakani huja nyumbani mara nyingi kati ya Januari na Machi. Usiitie saini kabla hujaona mstari wa hisabati.