Usimpe mtu ile namba inayotumwa kwa simu yako

Mkaazi wa Nunguni anayetaka kuomba cheti cha tabia njema au kulipia leseni ya udereva huingia saiba, akafungua eCitizen na kuandika neno lake la siri. Kisha anaambiwa asubiri namba itumwe kwa simu yake. Hapo wengi hulalamika: neno la siri nimeshaandika, namba tena ya nini?

Rekodi hizo hazimo kwenye kabati la ofisi. Zimo kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali, zinazofikiwa kwa intaneti, ndiyo maana watu husema ziko "kwenye wingu". Mlango wa ofisi una askari anayekutazama usoni. Mlango wa wingu hubishwa kutoka popote duniani, nao haumjui mtu ila kwa alichoandika. Mwizi akiandika neno lako la siri, kwake yeye ni wewe.

Hayo yalitokea mwaka wa 2024. Wadukuzi waliingia katika akaunti za wateja wa Snowflake, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za kampuni nyingine. Hawakuvunja chochote. Walitumia maneno ya siri yaliyoibwa, mengine tangu 2020, katika akaunti zisizodai uthibitisho wa pili. Mashirika yapatayo 165 yalitahadharishwa kwamba huenda yameguswa.

Sasa turudi saiba. Kuna wanaomwachia mhudumu neno la siri aliandike kwenye daftari, "nisije nikasahau". Daftari likipotea, kinachobaki kukulinda ni ile namba ya simu. Ukimsomea mtu namba hiyo, hata akidai anapiga kutoka ofisi ya serikali, umemfungulia mwenyewe. Iandike kwa mkono wako.

Mzigo huu si wa mwananchi pekee. Mtumishi wa umma anayemwazima mwenzake akaunti ya kazi hufanya isijulikane nani alifungua faili ya mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka taasisi ambayo data zake zimefikiwa kinyume cha sheria, na kuna hatari ya madhara kwa wenyewe, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Simu ikipotea, funga laini siku hiyo hiyo. Wenye laini ya Safaricom wanaweza kupiga *100*100# mapema, ili mtu mwingine asiibadilishe kwa jina lao.