Friji Yako Ikianza Kuugua

Tangu enzi za misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji, watu wa hapa twajua kupoza maji kwa mtungi. Mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la maji.

Friji nayo hufanya kazi iyo hiyo kwa mtambo. Mabombani mwake mna gesi. Ipitapo ndani ya kabati huchukua joto. Kompresa huibana, na joto hutupwa nje, nyuma au ubavuni. Basi friji haiumbi baridi, yahamisha joto tu. Ukifahamu hilo utatambua ugonjwa wake mapema.

Mama mmoja jirani yetu, muuza maziwa, alisikia friji yake ikinguruma usiku na mchana. Akadhani ni kawaida. Uniti za umeme za mwezi zikaisha katikati ya mwezi, na mwisho maziwa yote yakaharibika. Kisa chenyewe ni mpira wa mlango uliopasuka! Na nyumba nyingine friji hutunza insulini ya mgonjwa wa kisukari, itakayo baridi ya digrii 2 hadi 8. Hapo uzembe si hasara ya fedha tu.

Kwanza, sikiliza. Friji nzima hunguruma, kisha hupumzika. Isipopumzika kamwe, bana karatasi mlangoni. Ikivutika kwa urahisi, mpira umechoka. Tazama pia vumbi la nyuma, maana kiangazi chetu wakijua. Chomoa umeme, lifute kwa brashi, uache nafasi ya upana wa kiganja kutoka ukutani.

Pili, gusa nje. Kompresa ikinguruma, lakini nje hapana joto wala ndani hapana baridi, yamkini gesi imevuja. Gesi haiishi kwa kutumiwa kama mafuta ya taa. Ikipungua, pana tundu. Fundi ajazaye gesi bila kuziba tundu akupotezea fedha.

Tatu, tazama barafu. Ikijijenga nene upesi ukutani, hewa ya nje yaingia. Usiibandue kwa kisu! Kisu hutoboa bomba, na hasara huwa kubwa kuliko ya kwanza. Zima friji, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe.

Nne, ukisikia "tak" kila baada ya kitambo na kompresa haiwaki, huenda umeme ni mdogo au kiwashio kimekufa. Zima. Na umeme ukikatika ukarudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuwasha.

Friji ikipiga shoti, au ukisikia harufu ya waya kuungua, usiiguse. Zima swichi kuu, uwaweke watoto mbali, umwite fundi siku hiyo hiyo.

Fundi akija, mwombe asome kibandiko. Friji nyingi za siku hizi zatumia gesi iitwayo R600a, nayo hushika moto. Haifai kuchomelea bomba kabla ya kuitoa yote, na madirisha yawe wazi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa mlango ni bei ndogo. Kompresa ni bei ya mbuzi kadhaa. Usiku huu nyumba ikitulia, keti karibu na friji yako, uisikilize.