Neno "Run" Si Mbio Peke Yake

Kila mtoto aanzaye kujifunza Kiingereza hufundishwa mapema ya kuwa "run" maana yake ni kukimbia. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini ni mlango tu wa nyumba yenye vyumba vingi. Mtu mzima anayebaki mlangoni aweza kutia sahihi mkataba asioufahamu, au kuandika barua yenye maana asiyoikusudia.

Wingi wa maana za neno hili umewashangaza hata wenye lugha yao. Kamusi kubwa ya Oxford ilipokamilika mwaka 1928, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Lakini mwaka 2011 mwandishi Simon Winchester alieleza ya kuwa "run" limelipita, kwa kuwa watengenezaji wa kamusi hiyo wamelihesabia maana 645 likiwa kitendo. Mtaalamu aliyepewa kazi ya kulipanga, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kwa neno hilo moja.

Wasomaji wasikate tamaa kwa kusikia hesabu hiyo. Kiswahili nacho kina neno "piga". Twapiga ngoma, twapiga pasi, twapiga picha, twapiga magoti na twapiga simu, wala hakuna aumizwaye. Mgeni akifasiri "piga" kwa maana moja tu, atapotea. Ndivyo apoteavyo Mwafrika akifasiri "run" kuwa ni mbio daima.

Ufunguo wake ni huu. Tangu zamani sana neno hili lilitumika kwa miguu ya mtu na pia kwa maji ya mto. Wazo lililo chini yake ni kitu kinachoendelea na njia yake bila kusimama. Kwa hiyo mto hu-"run", yaani hutiririka. Injini hu-"run", yaani huzunguka na kufanya kazi. Pua hu-"run", yaani hutoka kamasi. Mpaka wa shamba hu-"run" kando ya mto, maana yake waufuata mto, ingawa haukuondoka mahali pake. Na mtu mwenye ku-"run" duka hakimbii nalo, bali huliendesha.

Hatari imo katika karatasi za shughuli. Mkulima akodishaye shamba aweza kukuta maneno haya: "The lease shall run for five years from 1st January." Maana yake ni kwamba mkataba utadumu miaka 5, kuanzia tarehe 1 Januari. Basi aliyetia sahihi mwezi Machi, akadhani miaka yake yahesabiwa tangu Machi, atashangaa kuambiwa aondoke hali mazao yake yangali shambani. Vivyo hivyo, "to run up a debt" ni kulimbikiza deni, wala si kulikimbia.

Tena neno dogo lifuatalo hugeuza maana yote. "Run out" ni kuishiwa: karani akiandika "We have run out of seed", mbegu zimekwisha ghalani. "Run over" ni kukanyaga kwa gari. "Run into" mara nyingi ni kukutana na mtu bila kutazamia. "Run down" mtu ni kumsema vibaya, na kitu kilicho "run-down" kimechakaa.

Nchi nazo hutofautiana. Mwamerika ataka uchaguzi hu-"run", lakini Mwingereza husema "stand", yaani husimama! Kenya imepokea desturi ya Kimarekani katika Katiba ya mwaka 2010, ambamo mgombea urais hutakiwa kuwa na "running mate", yaani mgombea mwenza. Na habari zikisema kuna "a run on a bank", watu wanakimbilia kutoa akiba zao kwa hofu, kama ilivyotokea kwa benki ya Northern Rock ya Uingereza mwezi Septemba 2007.

Makarani wakumbuke pia sarufi. Leo husemwa "I run". Jana, "I ran". Na baada ya "have" neno hurudi kuwa "run". "I have ran" ni kosa, na "runned" halimo kabisa katika Kiingereza sanifu.

Njia iliyo bora ni kujifunza fungu zima la maneno, si neno moja moja, na kutazama kamusi kabla ya kufasiri. Na penye fedha au ardhi, aliye na shaka na aulize kwanza, kisha atie sahihi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Msomaji wa haraka naye huishia kwenye hasara.