UZI: Wahadhiri wakigoma, mwanafunzi arudishiwe karo?

1/ Kila mgomo wa vyuo vikuu ukiisha, kuna mwanasiasa anasimama jukwaani kusema, "Wanafunzi warudishiwe karo yao!" Watu wanapiga makofi. Mwingine anamjibu, "Masomo yalifidiwa, hakuna anayedai kitu." Hao nao wanapigiwa makofi. Leo tuchambue hii hoja pole pole. Sheria za uzi ni zile zile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama.

2/ Tukumbushane. Tarehe 17 Septemba 2025 wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma waliacha kazi. Walirudi 5 Novemba. Siku 49. Walikuwa wanadai malimbikizo ya mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, karibu shilingi bilioni 8. Soma hiyo miaka tena. Mkataba uliisha 2021, pesa zake zinagomewa 2025. Na hata makubaliano yaliyomaliza mgomo yalisema deni litalipwa kwa awamu mbili, si mara moja.

3/ Mimi nilikuwa mwaka wa nne. Nimepanga chumba nje ya chuo, 5,500 kwa mwezi, tokeni za stima kando. Wiki mbili za kwanza nilikaa nikidhani watarudi kesho. Kila jioni kwenye kundi la darasa mtu anauliza, "Kuna habari?" Anajibiwa, "Bado." Wiki ya tatu nikaenda nyumbani, godoro na vitabu nikaacha ndani. Mwenye nyumba hakuwa kwenye mgomo. Mwezi ukiisha, alitaka pesa yake.

4/ Sasa hoja ya kwanza, ya wanaosema karo irudi. Wanasimama kwenye Katiba, kifungu cha 46: mtumiaji wa bidhaa au huduma ana haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na ana haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Na kifungu hicho hakihusu maduka peke yake. Kinasema wazi kwamba kinahusu pia huduma zinazotolewa na taasisi za umma. Kwa hivyo ukiambiwa "chuo si supamaketi", hilo si jibu la kisheria.

5/ Hoja ya pili, ya chuo: "Hatukukataa kufundisha, tulichelewa. Muhula umesogezwa, silabasi imekamilika, mtihani umefanywa. Unarudishiwa nini?" Hii nayo ina uzito. Kitu kikichelewa kuletwa si sawa na kitu kisicholetwa kabisa.

Lakini uliza kililetwaje. Kwenye somo moja langu, mada za wiki sita zilifundishwa Jumamosi mbili, asubuhi hadi jioni, halafu tukatumiwa noti kwa WhatsApp. Kwenye karatasi, silabasi imekamilika. Mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kile kiti najua haikukamilika.

6/ Wenzetu Uingereza wamepitia haya. Kule sheria ya watumiaji ya 2015 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaofaa. Baada ya mgomo wa wahadhiri wa 2018, wanafunzi kadhaa walipeleka malalamiko kwa ofisi huru inayoshughulikia malalamiko ya vyuo, na baadhi yao wakapata fidia. Chuo hakiwezi kusema tu "mgomo si kosa letu". Kinaulizwa: ulifanya nini kupunguza hasara ya mwanafunzi?

7/ Ila kuna tofauti ambayo watu wanairuka wakinukuu Uingereza. Kule mhadhiri akigoma anakatwa mshahara wa siku hizo. Ndiyo maana wanafunzi waliuliza: pesa mliyookoa iko wapi? Huku kwetu, makubaliano ya kurudi kazini kwa kawaida huwa na kipengele kwamba aliyegoma asiadhibiwe, na kugoma ni haki yake kwa kifungu cha 41. Kwa hivyo usifikirie kuna kikapu cha pesa kimebaki chuoni. Vyuo vyetu vingi vinadaiwa hadi na wanaowauzia chakula cha mkahawa. Ukivilazimisha kurudisha karo kutoka mfukoni mwao, utakuwa umechimba shimo la mgomo unaofuata.

8/ Tufanye hesabu, maana hapa ndipo wanasiasa hawafiki.

Niliingia chuo 2022, kabla ya mfumo mpya wa ufadhili wa 2023. Sisi tuliotumwa na serikali tulikuwa tunalipa 16,000 kwa mwaka kama karo ya masomo. Hiyo ni 8,000 kwa muhula. Tuchukue muhula una wiki 14 na tulipoteza 7. Nikishinda kesi yote, narudishiwa 4,000.

Muhula wangu ulisogea karibu miezi miwili. Kodi ya miezi miwili: 11,000. Bado sijahesabu nauli ya kwenda nyumbani na kurudi, wala chakula.

Kwa maneno mengine, karo ndiyo sehemu ndogo zaidi ya hasara yangu.

9/ Kwa mwenzangu anayejilipia kozi, sema 60,000 kwa muhula, hesabu inageuka: nusu yake ni 30,000. Huyo ana sababu ya kupigania karo. Na walio kwenye mfumo mpya, karo yao imegawanywa: sehemu ufadhili wa serikali, sehemu mkopo wa HELB, sehemu familia. Mkopo wa karo hupelekwa chuoni moja kwa moja. Karo ikirudishwa, itarudi kwa nani? Kwako, kwa HELB, au kwa hazina ya taifa? Kwa haki, mkopo wako upungue. Lakini hujawahi kusikia mtu akieleza hilo jukwaani.

10/ Kwa hivyo mtu akisimama mbele yako akisema "karo irudishwe", au "hakuna kudai", muulize maswali matatu:

Moja, kutoka mfuko gani? Aliyechelewesha pesa ya mkataba ndiye anafaa kuanza kuulizwa, na mara nyingi si chuo. Chuo hakiwezi kulipa kisichotumiwa.

Mbili, kwa nani? Aliyelipa mfukoni, aliyekopa, au wote sawa?

Tatu, kwa hasara ipi? Masomo yaliyokosekana, au muda uliolipiwa na mwanafunzi na mzazi wake?

11/ Maoni yangu, na mko huru kunipinga: badala ya kaulimbiu ya karo, tungedai vitu vinavyopimika. Ratiba ya kufidia masomo iliyoandikwa na kutangazwa, yenye saa za kila somo, si Jumamosi mbili. Pesa za kujikimu za HELB ziongezwe kwa miezi ambayo muhula umesogezwa. Vyumba vya hosteli za chuo visitozwe upya kwa muhula ule ule. Na asiyemaliza karo kwa sababu bajeti ya nyumbani ililiwa na mgomo asinyimwe kadi ya mtihani. Kwa wanaojilipia, sehemu ya karo ihamishiwe muhula unaofuata.

12/ Na tafadhali, tuache kuwagonganisha wanafunzi na wahadhiri. Mhadhiri aliyesubiri pesa yake tangu 2017 na mimi niliyelipia chumba kisicho na masomo tunadai mtu yule yule. Tukianza kurukiana sisi wawili, huyo mdaiwa anakaa pembeni akitazama.

13/ Mama yangu anauza mboga. Oktoba aliponitumia kodi ya chumba nilichokuwa sikilali, aliniuliza swali moja: "Hiyo pesa nayo itarudi lini?" Nasoma sayansi ya siasa mwaka wa nne na sikuwa na jibu.

14/ Kama mgomo ulikupata, weka hesabu yako hapa chini: kodi, nauli, karo, na muhula wako ulisogea wiki ngapi. Usitaje jina la chuo kama hutaki. Siku nyingine tutachambua ufadhili wa 2023 wenyewe, maana huo unahitaji uzi wake.